Paa la Nini?

Chengo aliingia na salamu tatu na simu moja.
Nikampa kigoda, akakataa; nikampa kahawa, akakubali.
Ni maswali machache tu, Mama Swafiya,
bima ya afya yenu itakadiriwa na mashine,
mimi sina mkono hapo.

Paa la nini?
La chokaa na boriti, babu wa babu alilipandisha.
Akagusa kioo.
Ukuta?
Mawe.
Akagusa kioo.
Sakafu? Saruji. Choo? Cha ndani, cha kumwagia kopo.
Kila niliposema kweli nilisikia tiki
kama kijiti kikivunjwa gotini.

Nyumba njema si mlango, nikamwambia.
Akauliza: mlango ni wa mbao au wa chuma?

Nyumba hii ni ya mirathi, mwanangu.
Warithi ishirini na saba: wa Jeddah hawajaiona,
wa Tanga hutuma salamu wakisikia inauzwa.
Mimi na dada yangu Khola tumo kwa kukosa pa kwenda.
Kuiuza hatuwezi, kuibomoa haturuhusiwi,
dirisha likioza twaomba kibali.
Chengo akateremsha kwa kidole, akapandisha.
Mirathi haimo, akasema. Kuna "yako" na kuna "ya kupanga."
Akagusa "yako."

Mtungi wa gesi upo?
Upo, pale, mtupu tangu Mfungo Mosi.
Hakuulizwa kama mtupu. Aliulizwa kama upo.
Televisheni?
Ipo, haiwaki. Juu yake dawa za Khola,
za asubuhi kushoto, za usiku kulia.
Ng'ombe? Mbuzi?
Nikacheka. Hapa Kibokoni tuna paka,
na paka hawa hawana mwenyewe,
wao ndio wenye sisi.

Kipato cha mwezi?
Mwezi siujui. Naijua siku.
Siku ya jua nauza kachiri za mia tano;
toa mihogo, toa mafuta, toa pilipili na mifuko,
zabaki mia na themanini.
Siku ya mvua nakaanga nikala mwenyewe.
Ramadhani mimi ni tajiri, siku ishirini na tisa.
Wataka niseme ipi?
Akaandika kitu. Sikukiona.

Mashine ikazunguka, ikazunguka, ikatua:
elfu moja mia tatu na arubaini kwa mwezi,
zilipwe za mwaka mzima kwa mkupuo.
Nilizidisha kwa mkaa ukutani,
ukuta uleule wa mawe ulionitajirisha:
elfu kumi na sita na themanini.

Kule Nyali nilikofua nguo miaka sita
mwajiri wangu alilala chini ya makuti.
Makuti yaliyosukwa na fundi wa kuitwa, yamenyooka kama nywele za bibi harusi,
na chini yake bwawa la kuogelea, maji ya buluu.
Akiulizwa paa la nini atasema kweli, kama mimi.

Chengo alifunga simu, akaishika kikombe kwa mikono miwili.
Mimi nimepangiwa zaidi yako, akasema taratibu.
Nilisema nina pikipiki.
Hawakuuliza kama ni ya mkopo.
Tukanywa.

Rufaa ipo, akakumbuka mlangoni:
barua ya mtaa, picha za nyumba, ghorofa ya nne, Jumanne.
Jumanne Khola husafishwa damu.
Basi Alhamisi?
Alhamisi wapokea barua, hawasikilizi mtu.

Usiku ule mvua ilishuka, ile ya mwezi wa tano isiyobisha hodi.
Nikaamka, nikapanga: sufuria penye kizingiti,
beseni chini ya boriti ya tatu,
ndoo ya rangi miguuni pa Khola.
Khola akauliza gizani, saa ngapi?
Sikumjibu. Nilikuwa nasikiliza,
tone la bati, tone la plastiki, tone la bati,
nikitamani Chengo arudi saa hizi
aniulize upya swali lake la kwanza.